Mawakala wa kompyuta kwenye gridi ndogo za umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Goma

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa ufundi umeme, mafundi wanaofunga sola, wenye mashine za unga na viongozi wa avenyi. Hayalingani uzito, kwa hiyo na majibu hayalingani urefu.

Wakala ni nini hasa?

Ni programu inayokaa kwenye kompyuta ndogo, karibu na kifaa fulani cha umeme, na kukisimamia. Betri ina wakala wake, pampu ya maji ina wakala wake, kabine ya mtaa (kituo cha transfoma kinachogawa umeme) ina wake, jenereta ya mazutu (dizeli) vilevile. Wakala hupima hali ya kifaa chake, huamua la kufanya bila kusubiri amri, na huzungumza na mawakala wengine pale ambapo jambo linamzidi. Wakala wa betri anajua chaji iliyobaki na joto la seli. Hajui kama hospitali ina mgonjwa kwenye mashine ya oksijeni, na hana haja ya kujua: wakala wa hospitali atasema mwenyewe kwamba mzigo wake haukatwi.

Mfumo mzima ni mkusanyiko wa hao mawakala pamoja na kanuni za mazungumzo yao. Hakuna anayeona kila kitu.

Je, mawakala wataongeza umeme?

Hapana. Hawazalishi hata wati moja. Wanachoweza ni kupunguza umeme unaopotea bure, kuchelewesha matumizi yanayoweza kusubiri, na kuzuia hitilafu ya mtaa mmoja isizime mitaa kumi. Mtu akikuuzia mfumo huu kama dawa ya upungufu wa megawati, usinunue.

Kwa nini isiwe kompyuta moja kubwa inayoongoza kila kitu?

Inawezekana, na sehemu nyingi za dunia ndivyo zinavyofanya: kuna chumba kimoja cha udhibiti, waendeshaji wanakaa mbele ya skrini, vituo vyote vinaleta vipimo pale na amri zinatoka pale. Kwa gridi yenye mitambo mikubwa michache na mmiliki mmoja, njia hiyo ni nzuri. Hata hoteli moja ya Himbi yenye sola, betri na jenereta haihitaji mawakala. Kidhibiti kimoja kinatosha.

Lakini tazama Goma. SNEL, shirika la umeme la serikali, inaleta umeme wa mto Ruzizi. Virunga Energies inaleta wa Matebe, kituo cha maji cha zaidi ya megawati 13 kilichopo Rutshuru, kilichozinduliwa mwaka 2015. Nuru ilizindua mwaka 2020 kituo cha sola cha megawati 1.3 chenye betri. Socodee nayo inasambaza. Haya yamewezekana kwa sababu sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, na ukiritimba wa SNEL ukaisha. Sasa niambie, ni kampuni gani itakabidhi funguo za mitambo yake kwa kompyuta ya mshindani? Wakala anaruhusu kila mmoja kubaki na siri za biashara yake na bado ashirikiane. Anachotoa nje ni ahadi tu: "naweza kukupa kilowati 50 kwa nusu saa, kwa bei hii."

Sababu ya pili ni mawasiliano. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, lava ilishuka hadi Buhene na kukata barabara ya Rutshuru, na sehemu kubwa ya mji ikabaki gizani. Katika hali kama hiyo chumba kimoja cha udhibiti kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kisifikie chochote. Vita nayo hukata laini na njia za mafundi. Mji wa namna hii unataka kila kipande cha gridi kiwe na akili yake, ili kikitengwa kiendelee kuhudumia wagonjwa na maji kwa kile kilichonacho.

Umeme wa jua una ugumu gani ambao turbine haina?

Umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumiwa kila nukta. Ukizidiwa na matumizi, masafa ya gridi (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde) hushuka chini ya hezi 50. Uzalishaji ukizidi, hupanda. Turbine ya maji ni chuma kizito kinachozunguka, na uzito ule huipa gridi muda kidogo wa kujirekebisha kabla masafa hayajaporomoka. Paneli ya sola haina kitu kinachozunguka. Wingu likipita juu ya Ndosho, uzalishaji unaweza kupungua zaidi ya nusu kwa muda mfupi sana.

Tena hapa tuko karibu na ikweta: jua linazama kwenye saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na watu wanawasha taa, televisheni na pasi baada ya hapo. Yaani sola inalala wakati ule ule mji unapoamka kwa matumizi. Ndiyo maana betri na maji ni ndugu wa lazima wa sola.

Mawakala wanaelewanaje? Nipe mfano.

Nitatoa mfano wa kubuni, namba zake ni za darasani.

Saa moja jioni, gridi ndogo ya mtaa inatumia kilowati 620. Laini ya maji inaleta 300, betri inatoa 250 na haiwezi kuzidisha. Zinakosekana kilowati 70. Wakala anayesimamia uwiano anatuma tangazo kwa wenzake: nahitaji kilowati 70 kwa dakika 40, jibuni ndani ya sekunde mbili.

Majibu yanakuja. Wakala wa pampu ya maji: tangi limejaa kwa asilimia 80, naweza kusimama dakika 40, nitaachia kilowati 30. Wakala wa chumba cha baridi cha samaki wa sambaza: nipo nyuzi 18 chini ya sifuri, ruhusa yangu ni hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, naachia 25. Wakala wa hita za maji za hoteli: 20. Wakala wa mashine za unga: nina foleni ya watu, niulize tena saa mbili. Wakala wa jenereta: natoa zote 70, ila gharama ni ya mazutu.

Wakala wa uwiano anachukua pampu, chumba cha baridi na hita. Jumla ni 75, na jenereta haiwashwi. Kisha anafanya jambo ambalo wanafunzi wengi husahau kuliandika kwenye programu zao: anaangalia mita. Pampu imesema itasimama, je, imesimama kweli? Kontakta (swichi ya kuwasha na kuzima mashine) iliyoganda haitasikia ahadi ya programu. Kama kilowati 30 hazijapungua, anamwita aliyefuata kwenye orodha.

Utaratibu huu wa tangazo, zabuni na mkataba ulielezwa na Reid G. Smith mwaka 1980, kabla sola haijawa biashara ya mtaani. Ulibuniwa kwa ajili ya kompyuta zinazogawana kazi.

Kuna mtego mmoja mwishoni. Dakika 40 zikiisha, pampu ina tangi la kujaza, chumba cha baridi kina joto la kuondoa, na hita zina maji yaliyopoa. Vikirudi vyote pamoja, vinaweza kuvuta zaidi ya vilivyokuwa vinavuta mwanzo, na upungufu ukarudi mkubwa kuliko ule wa kwanza. Kwa hiyo mkataba lazima uandike hata zamu ya kurudi: pampu kwanza, chumba cha baridi dakika kumi baadaye, hita mwisho. Ukiona mradi wa kudhibiti mizigo ambao haujazungumzia kurudi kwa mizigo, rudisha karatasi kwa mwenyewe.

Na mawasiliano yakikatika katikati ya mazungumzo?

Hili ndilo swali ninalopenda kuliko yote, kwa sababu linatenganisha mfumo wa kweli na maonyesho.

Kanuni ni hii: sekunde za kwanza za hitilafu zisitegemee ujumbe wowote. Ulinzi wa laini, yaani relei (vifaa vinavyogundua hitilafu) na swichi za kukata, hufanya kazi kwa sehemu ya sekunde na hauombi ruhusa kwa wakala. Baada ya ulinzi huja udhibiti wa msingi ndani ya inveta (vifaa vinavyogeuza umeme wa sola au betri uwe wa gridi) na gavana (vidhibiti vya mwendo) za turbine, ambao unasoma masafa ya gridi yenyewe. Chukua inveta mbili, moja ya kilowati 100 na nyingine ya kilowati 50. Zote zimepangwa zishushe masafa kutoka hezi 50 zikiwa hazina mzigo hadi hezi 49 zikiwa zimejaa. Weka mzigo wa kilowati 75. Masafa yatatulia hezi 49.5, ile kubwa itabeba 50 na ndogo 25, kila moja nusu ya uwezo wake. Hazijatumiana hata ujumbe mmoja. Waya wa umeme wenyewe umewapa habari.

Mawakala wanaingia baada ya hapo. Kazi yao ya kwanza ni kurudisha masafa kwenye hezi 50, jambo linaloweza kuchukua sekunde kadhaa hadi dakika. Kazi ya pili ni ya dakika na saa: nani azalishe, nani achaji, nani asubiri. Wakinyamaza wote, gridi inabaki imesimama kwa hezi 49.5, taa zinawaka, hakuna aliyepoteza kitu isipokuwa ubora kidogo na gharama.

Kila wakala pia awe na tabia iliyoandikwa ya wakati wa ukimya: asipomsikia jirani kwa sekunde 30, kwa mfano, arudi kwenye mpango salama wa peke yake. Minara ya simu yenyewe inategemea umeme, na betri zake huisha. Mfumo unaodai kadi ya simu ili taa ziwake utazimika siku ile ile unapohitajika.

Wanawezaje kukubaliana bila mkubwa?

Kwa kusikiliza majirani tu. Chukua betri tatu za mitaa mitatu: Katindo ina chaji ya asilimia 80, Majengo 50, Mabanga 20. Katindo inazungumza na Majengo, Majengo na Mabanga; Katindo na Mabanga hazisikiani. Kila raundi, kila wakala anasogeza makadirio yake theluthi moja ya tofauti kati yake na kila jirani. Raundi ya kwanza wanapata 70, 50, 30. Ya pili 63.3, 50, 36.7. Ya tatu 58.9, 50, 41.1. Tofauti inapungua kwa theluthi kila mara, na wote wanaelekea 50, ambayo ndiyo wastani wa kweli wa mitaa mitatu, ingawa hakuna aliyepewa orodha nzima. Wakishajua wastani, Katindo inajua itoe, Mabanga inajua ipokee.

Mmoja akizimika raundi ikiendelea, hesabu inapotoka. Zipo njia za kurekebisha, nazo ndizo zinazojaza majarida ya wahandisi.

Tukianza wote kupika kwa umeme itakuwaje?

Natamani tufike huko, maana makala (mkaa) tunayopikia yanatoka kwenye miti, na sehemu kubwa ya miti hiyo ni ya hifadhi ya Virunga. Lakini piga hesabu. Jiko la umeme la kawaida linavuta karibu kilowati moja. Familia 1,000 zikiwasha pamoja saa kumi na mbili na nusu, hiyo ni megawati moja, karibu sawa na kituo chote cha sola cha Nuru kikiwa kwenye jua kali, na saa hiyo jua halipo.

Sufuria za umeme zenye presha zinasaidia, kwa sababu zikishapata moto zinapumzika na chakula kinaendelea kuiva. Hapo wakala ana nafasi: maharagwe ya familia moja yanaweza kuanza dakika 20 kabla ya ya jirani na familia zote mbili zikala saa ile ile. Mama mwenye nyumba abaki na kitufe cha kusema "sasa hivi" na kisikilizwe. Ratiba isiyomheshimu mpishi itang'olewa waya wiki ya kwanza.

Umeme ukipungua, nani anakatwa kwanza, na nani ameamua?

Watu huniuliza hili kwa sauti ya chini, kana kwamba ni siri ya mafundi. Lisiwe siri. Programu haina maoni. Inatekeleza mpangilio ulioandikwa na mtu, na mtu huyo anapaswa kujulikana.

Hospitali, vituo vya afya na pampu za maji viko juu, na sijawahi kukutana na mtu wa kubishana na hilo hapa, ambapo kipindupindu tunakijua. Ugumu unaanza chini yake. Mfumo ukiachiwa soko tupu, kila wakala anatoa bei, na anayeweza kulipa zaidi ndiye anayebaki na taa. Matokeo yanajulikana kabla hujawasha kompyuta: Himbi itawaka, Mabanga itakatwa kila jioni. Kihesabu ni sahihi. Mimi siukubali mfumo huo, na nadhani wengi wa wanaosoma hapa hawataukubali.

Napendekeza kila laini ya mtaa iwe na daftari la saa za giza. Laini iliyokaa gizani saa nyingi zaidi mwezi huu inakuwa ya mwisho kukatwa. Sisi tunaocheza likelemba (kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu) tunaelewa: zamu inaheshimiwa kwa sababu kila mmoja anaiona na anajua nani ameshapokea. Daftari hilo linakiliwa na mawakala wa kabine zote, hivyo hakuna anayelifuta peke yake, na nakala yake ibandikwe ofisi ya kata kila Jumatatu, kwenye karatasi, kwa Kiswahili.

La pili, si lazima kumzima mtu kabisa. Mita zenye uwezo wa kuweka kikomo zinaruhusu jambo bora kuliko delestaji (kukata umeme mtaa mzima). Kabine yenye nyumba 400 ikiachia kila nyumba wati 100, jumla ni kilowati 40 tu, na kila nyumba ina taa za ledi, redio na simu zinazochaji. Mtoto anasoma. Anayewasha pasi anajikata mwenyewe, anaizima, umeme unarudi. Kati ya kuzima kabine mbili kabisa na kuweka kikomo kwenye kabine kumi, mimi nitachagua kikomo kila siku, hata kama programu yake ni ngumu zaidi kuandika.

Wakala anaweza kudanganywa, au kudanganya?

Ndiyo, kwa njia zote mbili.

Wavamizi wa nje ni hatari ya kweli. Tarehe 23 Desemba 2015 nchini Ukraine watu waliingia kwenye kompyuta za kampuni za usambazaji na kufungua swichi wakiwa mbali; wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda vituoni na kufunga swichi kwa mikono. Hilo liwe sharti hapa kwetu pia: kila swichi inayoendeshwa na wakala iwe na mpini, na fundi wa zamu awe amewahi kuushika. Ujumbe kati ya mawakala uwe na saini ya siri, na nywila iliyokuja na kifaa kutoka kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza.

Wa ndani ni wagumu zaidi kuwaona. Mwenye baa anaweza kumpanga wakala wake ajitangaze kuwa duka la dawa ili asikatwe. Mwenye betri anaweza kutangaza chaji ndogo ili auze kwa bei ya juu baadaye. Kwa hiyo hadhi ya "hospitali" itolewe na watu waliofika mahali pale wakaona vitanda, na ahadi ya kila wakala ilinganishwe na mita iliyofungwa lakiri. Anayesema uongo mara kwa mara ashushwe imani.

Hii ni sawa na ChatGPT?

Hapana. Wakala ninayemzungumzia ana kurasa chache za kanuni na hesabu, na fundi anaweza kuzisoma zote mchana mmoja. Mfumo wa lugha unafaa kumsaidia mwendeshaji kuandika ripoti au kutafuta kwenye mwongozo wa mashine. Kufungua swichi ya laini ambayo mtu anaweza kuwa amepanda nguzo yake ni kazi ya kanuni zilizopimwa, zinazotoa jibu lile lile kila mara.

Gridi mbili za kampuni tofauti zinaweza kusaidiana?

Zinaweza, kama zimeunganishwa kwa ufundi. Kabla swichi ya kuziunganisha haijafungwa, pande zote mbili ziwe na mpangilio mmoja wa fezi, masafa yanayokaribiana, volteji zinazolingana, na pembe ya mawimbi iwe karibu sifuri. Ukifunga bila hayo unaweza kuvunja shafti ya turbine. Mawakala wa pande mbili wanaweza kusogezeana masafa polepole, lakini ruhusa ya mwisho ya kufunga itoke kwenye relei ya kukagua ulinganifu, iliyopo pale pale kwenye swichi.

Naomba mafundi wa sola wasome sehemu hii mara mbili. Mtaa uliotengwa na gridi huku inveta zake zinaendelea kutoa umeme ni mtego kwa fundi anayekwenda kutengeneza laini akiamini imezimwa. Inveta za kawaida zinazofuata gridi hutakiwa kujizima gridi ikipotea. Zile zinazounda gridi yenyewe zitaendelea, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo mahali penye mawakala wa kutenga mitaa lazima pawe na swichi inayoonekana kwa macho kuwa iko wazi, kufuli la fundi, kipimo, na waya wa ardhi. Na hapa Goma waya wa ardhi una taabu yake: mji umekaa juu ya mawe ya lava ambayo hayapitishi umeme vizuri. Fimbo moja ya shaba iliyogongwa nusu haitoshi. Pima ukinzani, uongeze fimbo au mtandao wa waya mpaka upate kiwango. Hakuna programu itakayokukinga na ardhi mbovu.

Imewahi kufanya kazi mahali popote?

Imewahi, kwa vipimo vidogo. Kwenye kisiwa cha Kythnos, Ugiriki, kijiji cha nyumba 12 chenye sola, betri na jenereta ya dizeli kiliwekewa mawakala waliosimamia mizigo kama pampu za maji. Uholanzi, katika kitongoji cha Hoogkerk karibu na Groningen, nyumba 25 zilianza kwa kuendesha vifaa vya kupasha joto kupitia soko dogo la mawakala. Yote mawili yalionyesha kwamba njia inafaa. Ila Groningen ina gridi imara nyuma yake na sisi hatuna, kwa hiyo Kythnos inatufundisha zaidi.

Kutoka Australia kuna funzo la upande wa pili. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya laini kubwa Australia Kusini, volteji ikatikisika mara kadhaa, na mashamba kadhaa ya upepo yakajipunguza kwa sababu ya mpangilio wa ulinzi ndani ya mashine, ambao waendeshaji wa gridi hawakuwa nao kwenye hesabu zao. Jimbo zima likazimika. Kila kifaa kinachojiamulia chenyewe kina mpangilio kama huo ndani yake. Ukiwa na mia, unahitaji daftari la mipangilio mia, lililosasishwa, kabla hujafikiria akili yoyote ya juu.

Bukavu je? Mawakala wanaweza kusaidia nini Ruzizi?

Bukavu iko mlangoni mwa Ruzizi I na Ruzizi II, zenye megawati 29.8 na 43.8, hivyo shida yake ni tofauti: maji yapo, mitambo imezeeka, na taka za plastiki kutoka ziwani hujaa kwenye vichujio na kusimamisha turbine. Wakala anaweza kupima tofauti ya kimo cha maji mbele na nyuma ya kichujio, akaonya mapema, akapunguza mzigo wa turbine taratibu kabla haijazimika ghafla. Kuondoa chupa ni kazi ya watu, mashua na nyavu, na kuzizuia zisifike ziwani ni kazi yetu sote wa pande zote za Kivu.

Gharama ziko wapi?

Kompyuta ya wakala ni ndogo na hutumia wati chache. Pesa inaliwa na mita, kontakta, swichi zenye mota, relei na betri. Tenga pia fungu la vipuri na mishahara ya watu wawili wanaokaa hapa hapa na kuujua mfumo. Mkandarasi atarudi kwao.

Mimi ni mwanafunzi, nianzie wapi?

Anza na umeme, programu baadaye. Hakikisha unaweza kuhesabu mtiririko wa nguvu kwenye laini fupi ya kabine tatu kwa kalamu. Kisha chukua pandapower, ambayo ni ya bure na inatumia Python, uchore mtaa wako: urefu wa nyaya, transfoma, mizigo ya jioni. Kwa upande wa mawakala kuna JADE ya Java, iliyofuata kanuni za FIPA, shirika la viwango vya mawakala lililoanzishwa mwaka 1996. Na kwa Python kuna SPADE na Mesa. Vyote vinaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya mkononi. Vipakue usiku wenye mtandao mzuri, kisha ufanye kazi bila intaneti.

Zoezi la kwanza: tengeneza mawakala watatu, betri, pampu na kabine (kabine ndiyo iwe wakala wa uwiano), wafanye mnada kama ule wa kilowati 70. Likifanya kazi, muue wakala wa uwiano katikati ya mnada na uone kama taa zinabaki. La pili: chelewesha kila ujumbe kwa sekunde tano. La tatu, ambalo ndilo ningekupa alama nyingi zaidi: nenda kwa wenye mashine ya unga, chumba cha baridi na kituo cha afya cha mtaa wako, uwaulize wanaweza kusubiri dakika ngapi na saa gani hawawezi kabisa. Andika majibu yao kwa maneno yao, ndipo uyageuze kuwa namba kwenye programu.